Dalia Ndani ya Mfuko

Mke wangu alipoishiwa nguvu, kazi ya maua yake ya dalia ikaniangukia mimi. Yeye alikaa kwenye kiti mlangoni, blanketi miguuni, akinielekeza.

"Mzee, hilo la mviringo ni tumba, liache. Lililochongoka limekwisha, kata. Na usikate kichwa tu, shuka mpaka penye jani."

Macho yangu si mazuri, nilikuwa napapasa. Tumba ni gumu. Ua lililokwisha hulegea. Siku moja nikakata tumba. Alicheka mpaka akakohoa. "Kinyozi gani wewe?"

Alisema usipokata, mmea unazaa mbegu na kuacha kutoa maua. Kwa hiyo hata tulipokwisha kumzika niliendelea kukata kila asubuhi. Niliogopa siku nitakayokosa la kukata.

Ikafika. Majani yakawa meusi, mashina yakakauka. Chini dalia ina viazi vyake, na mvua kubwa ikivikuta ardhini vinaoza. Kuvifukua ilikuwa kazi ya mke wangu. Nilishika jembe nikasimama tu. Mara ya mwisho kuona udongo umefunguliwa ilikuwa siku ile tulipomzika.

Nikachimba mbali na shina. Nikaviosha, nikavitia kwenye mfuko wa plastiki, nikaufunga kabisa, nikausukuma chini ya kitanda, upande aliokuwa akilala yeye. Nilidhani adui ni baridi ya mvua.

Mvua ilinyesha wiki baada ya wiki. Sikuthubutu kufungua. Nilikuwa naugusa tu mfuko kwa nje.

Shemeji yangu, mdogo wa kike wa marehemu, akaja kunisalimia. Akasimama mlangoni, akanusa.

"Shemeji, humu kafa panya, au ni wewe hujaoga?"

"Labda dalia."

Akauvuta mfuko. Ndani umejaa jasho. Akaufungua upesi. Nikaogopa.

"Umezifunika kama mgonjwa wa homa. Hizi zinapumua, shemeji."

"Zimekufa?"

"Lete kisu. Lete na majivu."

Tukakaa sakafuni. Alibonyeza kimoja kimoja, kilicholegea akakitupa kwenye ndoo. Mimi sikuiangalia ndoo. Kikabaki kimoja kigumu, kimeng'ang'ania kipande cha shina. Akakata pembeni palipooza, akapaka majivu, akanishika kidole akakiweka kwenye kinundu shingoni mwa kiazi, kidogo kama chunusi.

"Hili ndilo jicho lake. Kisingekuwa nalo, kingekuwa cha kutupa."

Tukakilaza kwenye boksi la maranda makavu, juu wazi.

"Usikifunike. Usikimwagie maji. Na usikipapase kila saa, si mchumba."

"Kikioza?"

Akanawa mikono, akaenda kuteleka chai.

Boksi nililiweka kwenye kiti cha mke wangu, mlangoni. Kila asubuhi nilipita nikiwa nimegeuza uso, halafu nikarudi kuchungulia. Maranda, kiazi, basi.

Leo jicho limevimba. Limekuwa jekundu, limepasuka kidogo. Nilidhani nitafurahi. Sasa ndiyo naogopa hasa, maana kipo cha kupoteza. Mikono nimeitia mfukoni, isije ikaligusa.

Mvua imekatika, kesho kinarudi udongoni. Nilimwomba shemeji aje ashike jembe.

"Jembe utashika mwenyewe," akasema. "Mimi nitakaa kwenye kiti."