"Fandiredi": neno la Kifaransa lililokuwa jikoni kwa babu yangu kule Makoko

Wakuu, heshima kwa mliotangulia, na mliojiunga juzi sogeeni mkae. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Chumvi sijatia hata punje, na mtaona wenyewe sijajipamba.

Katikati ya miaka ya themanini nilikuwa chuo kikuu. Idara yetu ilikuwa ya zile lugha zilizozaliwa na Kilatini. Kifaransa kilikuwa na walimu, Kireno kilikuwa na mwalimu mmoja, na Kiitaliano kilikuwa na kabati la vitabu, basi.

Hali ilikuwa ngumu jamani. Sabuni foleni, sukari foleni. Karatasi ndo usiseme, tulikuwaga tunaandika essay nyuma ya karatasi zilizokwisha kutumika.

Mimi Kifaransa nilikianzia hapohapo chuo, kutoka sifuri. Wiki ya kwanza tu lecturer wetu, mama mmoja mkali asiyecheka na mtu, akawa anatutamkisha siku za wiki. Alipofika Ijumaa, "vendredi", nikaangua kicheko darasa zima likanigeukia.

Akataka kujua kinachonichekesha. Nikamwambia kwetu Makoko, Musoma, hilo neno tunalo. Tunasema fandiredi. Ila kwetu maana yake ni samaki.

Hakucheka. Akauliza nani anasema hivyo, akaandika kwenye kidaftari chake.

Ngoja niwaeleze. Babu yangu mzaa mama, ndiye aliyenilea, alikuwaga mpishi wa mapadri wazungu kwenye misheni moja ya huko ziwani. Kifaransa chake kilikuwa maneno machache, lakini alijivunia hayo machache kuliko ng'ombe. Mtaani walimwita Mpishi hadi uzeeni. Na sato akiletwa nyumbani, babu hakusema samaki hata siku moja. Alisema fandiredi. Na sisi wote tukasema hivyo, mimi nikadhani ni Kijita, lugha yetu ya nyumbani.

Likizo ilipofika nikaenda nyumbani na ujuaji wangu wote wa mwaka wa kwanza.

Wakuu, hapa ndipo nilipoharibu.

Tumekaa tunakula, wajomba wapo, majirani wapo. Babu akasema nimpitishie fandiredi. Nikacheka mpaka nikapaliwa, nikawatangazia wote kwamba babu miaka yote amekuwa anakula Ijumaa. Watu walicheka, asikwambie mtu. Babu akatabasamu kidogo, akaendelea kula.

Mimi nikaona nimefundisha.

Mwaka wa mwisho ukafika. Topic yangu ya research ikakataliwa, na nilikuwa tayari na somo moja nililofeli. Bila research nzuri nilikuwa narudi Makoko mikono mitupu. Yule lecturer mkali akanikumbusha lile neno. Akanipa recorder ya idara na sharti moja: nilete sauti za watu wakilitumia wenyewe bila kutafuniwa, na angalau mmoja awe nje ya ukoo wangu. La sivyo ni utani wa familia, siyo neno.

Nikaona hiyo imeisha. Babu si yupo?

Betri zilikuwa adimu, nikawa naanika zile nilizonazo juani ili zipate nguvu kidogo. Nikanunua sato mkubwa, nikamwekea babu mbele, nikawasha mashine. Nikamuuliza, babu, hiki ni nini?

"Samaki," akasema.

Nikamuuliza kwa kuzunguka. Ukiwa misheni ulikuwa unapika nini Ijumaa? Samaki. Pale kisiwani Rukuba wanavua nini? Samaki. Siku tatu nilizunguka na ile recorder kama mwandishi wa redio, na babu hakulitoa lile neno. Bibi naye alikuwa ameliacha. Akaniambia kwa chini kwamba tangu ile likizo, humo ndani halijasemwa.

Nilijisikia vibaya, sitaficha. Lakini zaidi nilikuwa na hofu ya degree yangu.

Bibi ndiye aliyenielekeza kwa Mama Nyangeta, aliyekuwa anaosha vyombo jiko lilelile la misheni, sasa analima pamba huko Bunda ndani. Nikapata lifti ya lori linalofuata pamba. Likatufia njia panda ya Butiama, tukashinda pale hadi alasiri tukitafuna miwa ya watu. Nikafika nimejaa vumbi hadi kwenye kope.

Mama Nyangeta alikuwa mchangamfu, sikumuuliza hata mara mbili. Akasema padri wa kwanza wa pale misheni, Mfaransa, alikuja hajui Kiswahili. Ijumaa mapadri hawakuwa wanakula nyama, na babu hakuambiwa. Basi padri akiletewa nyama anasukuma sahani, ananyoosha kidole ziwani, anasema "vendredi, vendredi". Babu akaelewa kwamba kile kilichomo ziwani ndicho kinachoitwa hivyo. Wewe ungeelewa nini?

Wavuvi wa Rukuba wakalidaka. Sato mkubwa wa kupeleka misheni wakamwita fandiredi.

Nikamuuliza kama padri alijua kosa.

Mama Nyangeta akanishangaa. "Kosa gani? Padri mwenyewe alilisemaga. Hata Jumanne anachungulia jikoni, 'Mpishi, leo kuna fandiredi?'"

Wakuu, nilisimama. Padri, Mfaransa wa kuzaliwa, siku ya Jumanne, anaomba fandiredi na anamaanisha samaki! Basi halikuwa kosa tena. Lilikuwa neno la watu wawili waliotafutana bila lugha, wakakutana hapo. Na sauti ya Mama Nyangeta ilikuwa ndani ya kanda.

Nilirudi Makoko mbiombio. Nikamkuta babu anamenya mihogo nyuma ya nyumba. Nikamwambia, babu, ulikuwa sahihi, padri mwenyewe alilitumia neno lako, hata Jumanne!

Hakuinua uso.

"Nilimsikia," akasema. "Nilidhani anapenda nilivyolisema. Uliponicheka wewe, nikajua na yeye alikuwa ananicheka."

Nikaapa kwamba sivyo. Nikamwekea na kanda ya Mama Nyangeta aisikilize. Akasikiliza hadi mwisho, akasema haya, akaendelea na mihogo yake.

Research ilipita, tena vizuri. Yule mama mkali aliandika pembeni kwamba hili ni neno. Babu aliishi miaka mingine kadhaa, akaziona hadi zile enzi za ruksa na bidhaa zikijaa madukani, na hadi anazikwa aliita samaki, samaki. Nina degree ya neno nililoliua mwenyewe nyumbani kwetu.

Nilichojifunza ni kidogo tu. Mzee wako akiwa na neno lake la ajabu, muulize alilipata wapi, halafu nyamaza amalize.

Haya, nyumbani kwenu kuna neno gani ambalo nje halieleweki? Liandikeni hapa chini na mlikolitoa. Sitamcheka mtu.