Tusekile wa Ikombe na Mgeni Aliyetembea Juu ya Ziwa

Tusekile wa Ikombe alikuwa mfinyanzi kama wanawake wengine wa Kikisi, ila mkono wake wa kulia ulikuwa na habari yake. Akikasirika, uling'aa kuanzia vidoleni hadi kwenye kiwiko, mwekundu kama chungu kinachotoka motoni. Mama yake, Marta, hakuwahi kuficha sababu. Alisema baba wa mtoto alikuwa mtu wa juu, aliyekaa naye msimu mmoja wa mvua kisha akaitwa kwao. Wamisionari walipofika Matema na kufundisha habari za malaika, Marta alisema tu, "Huyo huyo," akaendelea kukanda udongo.

Kwa mkono huo Tusekile alishika mkuki. Wanawake walipopeleka vyungu kwenye gulio la Mwaya, yeye alisimama mbele ya mtumbwi wa kwanza, na mamba walimpisha. Waliwahi kutokea wanaume wanne wenye bunduki, wakajificha kwenye matete wapore mizigo. Walirudi kwao bila bunduki, na mmoja wao bila nguo.

Basi asubuhi moja, mwaka wa kumi na mbili tangu bendera ya Wajerumani ipandishwe pande zile, walikuwa wanachoma vyungu ufukweni. Wanawake wakainua vichwa mmoja mmoja. Kutoka upande wa Itungi alikuwa anakuja mtu, kwa miguu, juu ya maji, na mabawa yamekunjwa mgongoni.

Alisalimia kwa adabu. Jina lake halikutamkika, hivyo baadaye walimwita Ipyana. Akaeleza kwamba nuru iliyomo mkononi mwa Tusekile haikuwa mali ya dunia, naye ametumwa kuirudisha kabla jua halijazama.

"Haitauma," alisema.

"Njoo uichukue, basi," Tusekile akajibu, akaokota mkuki.

Lo, siku hiyo Ikombe iliona vita! Mabawa yalipiga mchanga ukapaa, mkuki ukawaka wote mpaka ncha. Tusekile akimrusha mgeni huku, anaibukia kule. Vyungu vitatu vya Marta vilipasuka, naye Marta akawakemea wote wawili. Tusekile hakuwahi kukutana na mtu wa kutoshana naye nguvu, na katikati ya mapigo aligundua kwamba anacheka. Mwishowe alimbana malaika chini, goti kifuani, ncha ya mkuki kooni. Malaika naye alikuwa anacheka. Alishika ule mkono unaowaka. Angeweza kuinyonya nuru yote pale pale, lakini hakufanya hivyo.

"Sitaki tena nilichotumwa," alisema polepole. "Nataka kukaa hapa unapokaa wewe."

Moyo wa Tusekile ulikwenda mbio kuliko wakati wa vita. Alimpa donge la udongo, akamwonyesha namna ya kulizungusha. Walishinda hivyo hadi jioni, magoti yakigusana, na chungu cha malaika kikatoka kimepinda vibaya mno.

Jua lilipogusa maji, upepo ukashuka kutoka milima ya Ukinga, mabawa yakafunguka yenyewe. Malaika alikuwa anaitwa kwao. Miguu yake ikaacha mchanga, uso umejaa uchungu, asiweze kujizuia. Tusekile aliruka akamdaka kifundo cha mguu, akavuta. Haikutosha. Akajua ni nini kilichobaki, na hakusita hata kidogo: aliiachia nuru yake yote. Ikapanda kupitia kwenye mwili wa malaika, ikapasua mabawa, ikaruka juu na kutoweka kwa kishindo kilichosikika hadi Mwaya. Manyoya yakadondoka ziwani. Watu wawili wakaanguka mchangani, wote wa duniani kabisa.

Upepo ukakoma. Kilichodaiwa kilikuwa kimerudi kwa mwenyewe.

Tusekile alitazama mkono wake. Ulikuwa mkono tu, wenye udongo kwenye kucha. Alilia kidogo, kisha akaona Ipyana amejikwaruza goti, anaishangaa damu kama mtoto, naye akashindwa kujizuia kucheka.

Kesho yake Nsajigwa, mjomba wa Tusekile, aliuliza swali ambalo halikuwa limemjia mtu: ng'ombe wa mahari wako wapi? Ipyana alikiri kwamba huko alikotoka hakuna ng'ombe. Wazee wakashauriana, wakamwambia abebe udongo wa wafinyanzi misimu miwili. Akabeba. Siku za kwanza alianguka na mzigo mara nyingi, kwa kuwa hakuzoea kuwa na uzito.

Msimu wa pili ulipokwisha, mjomba alimwita mbele ya ukoo, akamkabidhi mkono wa Tusekile.

"Ndaga, mjomba," Ipyana alishukuru, akapiga magoti kama alivyofundishwa.

Tusekile alimwinua mwenyewe kabla mjomba hajamaliza nasaha zake.