Kabureta ya Kupandia Ngomo

Baba yangu alichagua kabureta kwa ajili ya mlima ambao hakuwa ameuona kwa miaka kumi na mitano. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akadhani nasimulia habari za watu wenye busara.

Mlima wenyewe ni Ngomo, ule wenye kona zisizokwisha kwenye barabara ya kutoka Uvira kwenda Bukavu, Kongo. Huko kwetu baba alikuwa mkuu wa shule ya msingi ya kanisa, na kila muhula aliupanda mlima huo kwa kigari chake cheupe cha silinda nne kwenda kuchukua karatasi za mitihani. Kigari alikinunua kwa mmisionari mzee aliyekuwa akirudi kwao. Vita vilipotufukuza mwaka wa 1996, wenzetu walikimbia na magodoro, mbuzi na sufuria. Baba alikimbia na gari, na mama, na sisi watoto, nadhani kwa mpangilio huohuo.

Nakivale, kambi ya wakimbizi huko Uganda, gari lilipokelewa kwa heshima. Sisi tulilala chini ya turubai linalovuja; lenyewe lilijengewa banda la miti na kuezekwa nyasi nzuri. Kila Jumamosi baba aliliwasha, akalisikiliza, akalizima. Halikwenda popote. Mama alijitwika maharage yake hadi barabarani, akasubiri lori la kumpeleka sokoni Mbarara, huku gari letu limejipumzikia nyumbani likingojea amani. Nikiuliza, baba alikuwa na jibu moja.

"Hii gari ni ya kurudia kwetu. Hapa tunapita tu."

Tukapita tu, mwaka baada ya mwaka. Tulipita tukajenga nyumba ya udongo, tukapita tukaongeza chumba, nikapita nikaoa. Mimi na baba hatukuwa na ugomvi mwingine wowote, tulikuwa na huo tu, na ulitutosha. Mimi nilitaka gari lifanye kazi hapa tulipo, mama ashushe magunia kichwani. Yeye alitaka likae tayari kwa siku ya kurudi.

Hatimaye kabureta ya asili ikachoka. Kiwanda sikilaumu, maana ilikuwa imetumika miaka mingi kuliko umri wangu. Kile kilango cha kupitisha hewa kilikuwa kimelika kwenye mhimili wake mpaka kikawa kinacheza kama jino bovu. Hewa iliingia pembeni, injini ikakohoa, ikatetemeka, ikazima. Baba aliizungushia utepe wa mpira wa baiskeli akatangaza kuwa imepona. Jumamosi iliyofuata gari lilikataa kuwaka kabisa, nami, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nikamwambia tukatafute kabureta nyingine Mbarara, na tukishaipata, gari lianze kubeba mizigo ya mama.

Habari zilifika kanisani kabla sisi hatujafika. Sijui ni kwa nini mtu asiyemiliki hata baiskeli huwa fundi bingwa mbele ya gari la jirani. Baada ya ibada shemasi mmoja alieleza kwamba kabureta kubwa ni bora kwa sababu injini nayo ni kiumbe, ikila vizuri itafanya kazi vizuri. Mwalimu wa kwaya aliona zifungwe mbili, moja ikifa nyingine iendelee. Baba alisikiliza kwa makini sana. Mimi, niliyekuwa nimefanya kazi gereji miaka miwili, sikuulizwa neno. Mabishano hayo yalichukua miezi sita.

Fundi tuliyemwendea alikuwa mwanajeshi mstaafu mwenye gereji Mbarara, karibu na kambi ya jeshi ya Makenke. Gari tulilifikisha huko kwa kuvutwa na lori la mkaa, safari ambayo baba aliikalia kwenye usukani akiwa na tai shingoni. Fundi alifunua boneti, akacheka kwa upole, akaleta kabureta mbili.

Ya kwanza ilikuwa ndogo, ya koo moja la kuvutia hewa, imetolewa kwenye gari lingine dogo. Haikuwa na sura ya kumvutia mtu. Ya pili ilikuwa mpya, ya makoo mawili, inang'aa kama sufuria ya harusi.

"Mzee, hii ndogo ni ya kazi," alisema fundi kwa Kiswahili chake cha jeshini. "Asubuhi inawaka, petroli inakunywa kidogo. Hii kubwa, bwana, ni ya mtu ya kukimbia. Injini yako haina nguvu ya kuvuta hewa ya hii shimo yote. Ukienda polepole, itazima. Gari inafanya kazi wapi?"

"Haitumikake," baba alijibu. "Inangojea."

"Inangoja nini?"

"Njia ifunguke." Baba alikuwa ameishika ile kubwa, ameiinua juani, anachungulia makoo yake kwa jicho moja. "Hii itapanda Ngomo?"

"Ngomo iko wapi? Upande wa Kabale?"

Nilieleza mimi. Nilieleza kwa hasira, mbele ya mgeni, kwamba Ngomo iko Kongo, kwamba hatuendi Kongo, kwamba kati ya hapa na Nakivale kuna vilima ambavyo hata mbuzi mgonjwa anavipanda. Baba alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia fundi.

"Weka hii mukubwa."

Mteja ni mfalme. Fundi aliifunga, akarekebisha skrubu zake kwa saa nzima, akatuaga kwa uso wa mtu anayejua atatuona tena.

Tulimpitia mama sokoni. Alikuwa amemaliza kuuza, ana chumvi yake, sabuni, na gunia la unga. Alipanda nyuma, akashukuru, akauliza kama kelele ile ni ya kawaida. Kwa kweli gari lilinguruma. Kwenye lami baba alikanyaga ekseleta na kigari kikaruka, naye akaniangalia kwa macho ya ushindi. Debe tupu haliachi kuvuma, nilisema moyoni, maana kwa sauti nisingesikika.

Tulipofika Masha, njiani kurudi Nakivale, ng'ombe walikuwa wanavuka. Mnaowajua ng'ombe wa huko mnajua kwamba hawana haraka na pembe zao hazibishaniwi. Baba alipunguza mwendo, akaingia katikati yao kidogokidogo, kwenye kimwinuko ambacho sisi tulikuwa tunakipanda. Gari likakohoa mara mbili, likazima. Akajaribu kuliwasha, likanuka petroli. Akajaribu tena, betri ikaisha. Wachungaji walisimama kutazama, kwa adabu.

Nilishuka kwenda kusukuma. Nilipoinama nyuma ya gari nikamkuta mama ameshafika. Alikuwa na miaka zaidi ya sitini. Alikuwa amejifunga kitenge vizuri kiunoni, ameweka viganja vyote viwili kwenye buti.

"Mama, panda ndani."

"Nikipanda, nani atasukuma?" Kisha akapaza sauti kuelekea mbele, bila ukali wowote, "Baba watoto, tia gia ya pili! Tuko tayari!"

Tulisukuma. Kandambili yake moja ilikatika, akaendelea na mguu mtupu kwenye changarawe. Mimi nilikuwa natukana chini kwa chini. Nilipoinua kichwa niliona kioo kidogo cha kutazamia nyuma, na ndani yake macho ya baba. Alikuwa haangalii ng'ombe wala barabara. Alikuwa anamwangalia mama.

Juu ya kilima gari liliwaka. Baba alingoja tupande, kisha akaligeuza kurudi Mbarara.

Fundi alikuwa anafunga gereji. Alipotuona aliitafuta spana bila kuuliza.

"Toa hii," baba alisema. "Weka ile kadogo. Mama anabebaka maharage kila juma, anahitaji gari."

Huo ndio uamuzi niliousubiri tangu nilipokuwa kijana. Nilikuwa na maneno ya kumkomesha nayo, niliyatayarisha miaka mingi. Badala yake nikasikia sauti yangu inabisha.

"Lakini baba, hii kubwa inaweza kurekebishwa. Fundi abadilishe tu jeti, kile kitundu cha petroli. Na Ngomo je? Ile ndogo itakufa njiani."

Baba aliniwekea mkono begani. Tai yake ilikuwa imekaa upande.

"Ngomo nilishaipanda mara mingi, mutoto wangu," alisema. "Shikia fundi taa."

Nikashika taa. Nilikuwa nimeshinda, na gari la kurudia kwetu likawa la maharage.

Tulirudi Nakivale na mama amekaa mbele, unga miguuni pake. Gari halikuzima hata mara moja, na mpaka leo sijaisamehe kabureta ile kwa kufanya kazi vizuri.