Mwanamke wa Upande wa Uhuru

Mdogo wangu wa kiume alipotoka gerezani Embu, alirudi kwetu Siakago na ufundi mmoja tu, kuchora. Alijifunzia huko ndani. Mchungaji wetu aliposikia, alimletea plaiwudi mbili pana. Alitaka picha ya kutundika kwenye ukumbi wa vijana, upande mmoja maisha ya jela, upande mwingine maisha ya uhuru, ili vijana waogope.

Mdogo wangu alichora wiki kadhaa kando ya jiko letu. Sikupata nafasi ya kutazama. Mama alikuwa amepooza, na wa kumwosha na kumgeuza ni mimi. Mto uko mbali, na muguka shambani, majani ya kutafuna tunayouza, haungoji mtu. Nikirudi na mtungi mgongoni, kamba imenikaza kichwani, nilimpita tu. Aliinua macho, akayarudisha kwenye kazi yake.

Nilitazama siku mchungaji alipokuja kuichukua. Upande wa jela, wanaume walichuchumaa wawili wawili wakihesabiwa, sare zimepauka. Mmoja alikuwa anacheka. Upande wa uhuru kulikuwa na jua, vumbi, na mwanamke peke yake amebeba maji. Nilijijua kwa leso yangu.

"Mbona huyu mama amechoka kuliko wafungwa?" mchungaji akauliza.

"Ndivyo nilivyomkuta," mdogo wangu akajibu.

"Basi mwekee tabasamu kidogo."

"Nilijaribu, mchungaji. Hakufanana."

Niliona aibu, kisha hasira. Jioni, nikisonga ugali, nikamwambia, "Ungenivalisha hata viatu."

"Kwani ulikuwa na viatu, dada?"

Sikuwa navyo. Nilicheka, na katikati ya kicheko nikajikuta nalia, mwiko mkononi. Aliuchukua ule mwiko, akausonga ugali mpaka ukaiva.

Tangu hapo maji huchota yeye. Wanaume wenzake humcheka njiani, lakini anasema amewahi kuchekwa na watu wabaya zaidi. Mama bado ni wangu, maana hataki kushikwa na mwingine.

Picha ilitundikwa vilevile. Mchungaji huwaambia vijana kwamba yule ni mke wa mfungwa, ndiyo maana amechoka hivyo. Sijamsahihisha. Ibada ikiisha, wenzangu wakitoka kusalimiana, mimi hubaki kidogo kwenye benchi la nyuma, nikavua viatu vyangu vipya, nikanyoosha miguu.