Deputy alimtukana Nyuzi Sita kwa parade, kisha akamsifu kwa maneno ya diary yangu

Wakuu, sasa.

Karibu mwaka mzima nimekuwa nikiwasoma hapa kwa simu ya susu, yaani nyanya yangu, bila kuandika hata neno. Leo naandika. Sijaongeza kitu, na pale nilipojiaibisha pia nimepaacha.

Niko form three, naishi na susu huku upande wa Katangi. Mama anashona nguo kwa viwanda vya EPZ, Athi River, tunamuona mwisho wa mwezi.

Kwanza mjue mimi ni mtu wa aibu. Nikiitwa jina darasani masikio yanawaka. Ndiyo maana niko na diary. Vitu siwezi kusema, naandika.

Pili, Nyuzi Sita. Kwa nyinyi wa mbali, huyu ni mama wa huku Ukambani anayepiga gitaa la solo na kuongoza bendi ya wanaume wanne. Anavaa kofia pana. Anaendesha pickup yake mwenyewe, na wanaume wake wanakaa nyuma wakishikilia spika.

Nimemsikia kwa redio tangu sijaanza nursery. Susu ni wa kwaya ya akina mama kanisani. Wimbo wa Nyuzi Sita ukipigwa anaongeza sauti. Katekista akipita njiani anapunguza. Akishapita, anaongeza tena. Hiyo ndiyo dini ya kwetu.

Siku moja mtangazaji alimuuliza mbona hajaolewa. Akasema, "Sijakataa bwana. Nimekataa kuomba ruhusa ya kutoka nje." Nilikuwa darasa la tano. Niliandika hiyo na nikaipigia mstari.

Lakini kitu nilipenda zaidi si maneno yake. Mlevi akimpigia kelele kwa shoo, Nyuzi Sita hamjibu. Anasimamisha wimbo, anainamia gitaa, anaanza kukaza nyuzi moja moja, pole pole, mpaka yule mtu anajiona mjinga na kukaa chini. Susu aliona hiyo na macho yake, kwa harusi moja Matuu.

Kwangu mimi hiyo ilikuwa habari njema. Kumbe mtu anaweza kuwa jasiri na mdomo umefungwa.

Sasa tuje kwa deputy wetu, yaani naibu wa mwalimu mkuu.

Huyu ni mtu anafunga tai hata siku ya kuvuna mahindi ya shule. Term iliyopita alipekua madawati akitafuta simu. Hakupata simu. Akapata diary yangu, ile ya jalada la kijani.

Jumatatu akasimama nayo kwa parade, shule nzima ikiwa imepanga mistari. Akasoma kwa sauti ya kubana pua, eti ndiyo sauti yangu: "Siku moja nataka niwe kama Nyuzi Sita, nisiogope mtu."

Wakacheka. Form one pia, wale hata hawajazoea sare.

Deputy akangoja wamalize, akasema, "Huyu anataka kuwa mwanamke wa kupiga gitaa kwa baa. Nyuzi sita, na hesabu ya darasa la sita imemshinda."

Kwa rekodi, mimi ni namba tatu darasani kwa hesabu. Yeye anafundisha Kiswahili.

Kutoka hiyo siku jina langu likawa Nyuzi. Niliogopa kumuomba diary. Nilifika mlangoni kwake mara mbili, nikarudi. Na ndani ya hiyo diary kulikuwa na mambo sijawahi kuambia hata susu.

Wiki tano baadaye tukaambiwa shule inafungua maabara mpya, na mwenyekiti wa bodi amealika Nyuzi Sita ili watu waje. Maana bila yeye nani angekuja kuangalia sinki?

Ghafla hakuna aliyekumbuka mambo ya baa. Ofisi ikapakwa rangi. Na deputy akaniita, mtamu kama mandazi ya asubuhi. "Msichana wangu, wewe ndiye mtaalamu wa huyu mama. Utatoa neno la shukrani."

Nikasema sawa. Ni aibu ilisema sawa, si mimi.

Siku ikafika. Hema zimejaa, susu ameketi mbele na kitambaa chake cha kwaya. Deputy akasimama kumkaribisha mgeni. Akafungua faili, akaanza.

"Kuna watu wanaimba ili wapendwe, na huyu mama anaimba ili asimame wima. Tangu utoto wangu sauti yake imenifundisha kutoogopa."

Wakuu! Hayo ni maneno yangu. Ukurasa wa katikati, niliyaandika nikiwa na malaria. Yeye ameongeza "mheshimiwa mwenyekiti" tu. Na Nyuzi Sita ni mdogo kwake kwa miaka. Alimsikia utoto gani?

Watu wakapiga makofi. Halafu nikaitwa.

Nilifika kwa maiki na karatasi yangu. Nikasema, "Mwalimu, naomba kwanza diary yangu."

Akacheka akiangalia wageni. "Baadaye, msichana wangu. Shukuru mgeni."

Nikasimama tu, kimya, masikio yakiwaka. Mtu akakohoa. Mwingine akaniambia niendelee. Sikuendelea.

Halafu nikasikia ting.

Nyuzi Sita alikuwa amevuta gitaa kwa magoti. Hakuniangalia. Alikuwa anakaza uzi wa kwanza. Akaenda wa pili. Wa tatu. Mwenyekiti akageuza shingo kumuangalia deputy.

Kwa uzi wa nne deputy alifungua faili. Diary ilikuwa hapo ndani, jalada la kijani, mahali amekuwa akisoma. Kila mtu aliiona. Akaileta mwenyewe.

Nikamgeukia Nyuzi Sita, nikasema, "Asante kwa kuja. Yale maneno mazuri umesomewa, niliandika mimi." Nikaenda kujificha nyuma ya tangi la maji. Alipiga shoo yote nikiwa huko. Hata mkono sikumpa.

Jumatatu nikaambiwa nilete mzazi. Susu akaenda. Deputy akamwambia nimeaibisha shule. Susu akamjibu, "Mwalimu, nilikuwa mbele. Ulisoma vizuri sana." Basi. Nikapewa wiki mbili nyumbani, ndizo hizi natumia kuwaandikia.

Sasa sikieni hii. Nilipofungua diary nilikuta ameisahihisha. Yote, kwa kalamu nyekundu. Alama ya vema hapa, ya mkasi kule. Mwisho ameandika 14/30, jitahidi. Na pale nimeandika vile huwa nalala na leso ya mama akirudi Athi River, ameweka pembeni: "Aya ndefu mno."

Nilichojifunza: wanaokucheka kwa unachopenda mara nyingi wanakipenda pia, ila wao wanangoja mwenyekiti akubali kwanza. Na mtu wa aibu hahitaji kugeuka mtu wa kelele. Anahitaji kusimama tu, asiondoke.

Kama na wewe umewahi kusomewa mambo yako mbele ya watu, niambie hapo chini ulifanya nini. Wa kuniambia nisome kwanza, nimeshawaambia niko namba ngapi darasani.

Ile aya ya mama nimeiendeleza. Sasa imefika kurasa nne.