Kitimoto Niliyompakulia Mama Mkwe

Mama mkwe alipotutembelea Nyasubi kutoka Bukombe, nilimpikia kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, kwenye jungu langu jipya la umeme, lile linalopika polepole. Umeme ukakatika saa nzima. Akasema, "Mwanangu, tuwashe mkaa." Nikamjibu kwa jeuri kwamba jungu langu halihitaji kusaidiwa.

Wakati wa kupakua niliona nyama bado nyekundu karibu na mfupa. Niliiona kabisa, mjinga mimi! Nikaifunika kwa mchuzi, nikapiga magoti kumkaribisha. Akaimaliza yote, maana kwetu kubakiza chakula cha mkwe ni kumtukana.

Kesho yake alitapika mpaka tukampeleka hospitali. Nesi alipomuuliza amekula nini, alinitazama, kisha akajibu, "Dagaa. Nilikula njiani."