Daktari Mchina wa Kasulu

Miaka ya sabini gari la sinema lilikuja Kasulu, likatuonyesha Wachina wakipigana karate juu ya mapaa. Wajinga sisi, tukaamini kila Mchina yuko hivyo: ukimgusa tu, umekwisha.

Kisha bibi akaugua jicho, tukampeleka hospitali. Daktari alikuwa Mchina! Bibi, kama Waha wengi wa rika lake, hakujua kusalimia watu kwa mbali. Akamwendea moja kwa moja, akamshika viwiko vyote viwili, ndiyo salamu ya Kiha.

Mimi na dada tukafumba macho, tukingoja kishindo.

Kimya. Tulipofumbua, daktari naye alikuwa amemshika bibi viwiko, anatabasamu. Tukashusha pumzi.

Bibi hakuwa ameiona ile sinema. Jioni ile gari lilipokuja, alibaki nyumbani kumenya mihogo.